Baba Hakusema Hivyo

Kiswahili nilijifunza kwa sababu ya maziwa. Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma nilikuwa msichana niliyekwisha kuchumbiwa, na kambi ya wajenzi haikuwa mbali na tembe letu. Wajenzi wale walitoka kila upande, wengi wao Wanyamwezi, na walipenda maziwa kupita kiasi. Asubuhi tulijitwika vibuyu, mimi na wasichana wenzangu, tukaenda kubadilishana nao kwa chumvi. Hatukujua lugha yao nao hawakujua Kigogo, kwa hiyo tulielewana kwa vidole na kwa kukunja uso.

Kambini alikuwapo mwanamke mmoja kutoka Bagamoyo, mke wa askari. Hakuwa na mtoto wala jirani wa kuzungumza naye, na ukimya ulikuwa unamuumiza kama jino. Siku ya kwanza alinichukulia kibuyu changu chote, akaniketisha kwenye jamvi lake, akaanza kusema. Alisema nami asubuhi nzima kana kwamba naelewa. Siku iliyofuata nikarudi, akaendelea alipoachia. Alinifundisha jina la kila kilichokuwa mbele yetu: sufuria, kinu, moto, wingu. Alinifundisha kusema shikamoo, kwa kuwa, alisema, sisi wasichana wa Kigogo tunawakodolea macho wakubwa kama mbuzi aliyeona chumvi. Mimi nikamfundisha mbukwa, salamu yetu, naye akawa anaitamka kwa madaha ya Kipwani hata wenzangu wakashika mbavu kwa kucheka.

Kabla mvua mbili hazijapita nilikuwa naota kwa Kiswahili.

Sasa lazima niseme habari ya baba yangu, maana bila hiyo hayo mengine hayana maana. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe, si wengi sana, wala si wachache wa kumwaibisha. Alisema kidogo, na alichokisema alikuwa amekwisha kukizungusha kichwani mwake mara nyingi. Miaka michache kabla ya reli kutufikia, serikali ilidai vijana wa kufyeka njia. Wakati ule boma lililotutawala lilikuwa Kilimatinde. Askari walifika nyumbani wakamtaka kaka yangu. Kaka alikuwa amelala, kifua kimembana, akitema makohozi yenye damu. Baba akachukua fimbo yake akaenda Kilimatinde kwa miguu, ili aseme na Bwana Mkubwa mwenyewe.

Alirudi amebebwa. Mgongo wake ulikuwa umechanwa na kiboko, ile adhabu ya mapigo ishirini na tano waliyoiita hamsa-ishirini, na kitambaa alichofunikwa kilikuwa kimegandamana na nyama. Mama alikilainisha kwa samli taratibu hadi kikatoka. Baba alilala kifudifudi hadi mtama ukavunwa. Kaka yangu, yule mgonjwa aliyetafutwa, ndiye aliyekuwa akimpepea.

Kilichomuumiza baba zaidi ya vidonda ni kwamba hakujua kosa lake. Alikuwa amemwambia Bwana Mkubwa hivi: mwanangu ni mgonjwa, lakini mkono wa kazi hautakosekana nyumbani kwangu, nimekuja mimi nifanye badala yake. Alipokwisha kusema, Bwana akawa mwekundu usoni, na askari wakamlaza chini. Basi baba alikaa miaka akilitafuta kosa ndani ya maneno yale. Mwishowe aliamua kwamba kwa Wazungu, mtu mzima kujitoa badala ya mwanawe ni matusi. Akawa anawaonya wanaume wenzake: ukienda bomani, usijitoe. Waliomsikia wakawaonya wengine, na ikawa kama mwiko mpya uliozaliwa katika nchi.

Siku moja, kwenye jamvi la yule mama wa Bagamoyo, mume wake alikuwapo. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi akiwa nyumbani, na siku hiyo alikuwa anasimulia mambo aliyoyaona Kilimatinde. Akasema Wagogo ni watu jeuri sana. Alimwona mzee mmoja, alisema, mwenye kovu juu ya nyusi na sikio lililotobolewa na kuchanika, aliyemjibu Bwana Mkubwa uso kwa uso: nyumbani kwangu hatoki mtu, na ukitaka mtu njoo umchukue mwenyewe. Alilisimulia jambo hilo kwa kusifu, kama mtu asifuvyo fahali mkali.

Nilikuwa nimeshika kibuyu. Nikakiweka chini. Kovu lile nililijua, na lile sikio lilichanika mbele ya macho yangu, siku ndama alipoikanyaga pete ya sikio la baba.

Nikamuuliza mzee yule alisema kwa lugha gani. Askari akasema, kwa Kigogo bila shaka, na mkalimani ndiye aliyefasiri. Nikauliza mkalimani ni nani. Akamtaja, nami nikamjua, kwa sababu alikuwa mtu wetu, Mgogo kama sisi, aliyekulia kwenye misafara na sasa alikuwa amehamia Dodoma pamoja na serikali. Kila aliyekwenda kusikilizwa alijua kwamba mkalimani hupelekewa kitu kwanza, dume la mbuzi au hata la ng'ombe. Baba hakupeleka kitu. Alidhani maneno ya kweli hayahitaji mbuzi wa kuyasindikiza.

Nilimwambia baba jioni ile ile, akiwa zizini. Nilimweleza kwa Kigogo yote askari aliyoyasema. Akaniambia niyarudie. Kisha akanitaka niyaseme kwa Kiswahili, kama yalivyotoka kinywani mwa mkalimani. Nikayasema. Hakukijua Kiswahili, ila aliyasikiliza kama mtu anayemtazama mwizi akipita mchana. Halafu akaketi juu ya gogo la zizini, akashusha pumzi ndefu sana.

"Kumbe sikukosea," alisema.

Sikumwona amekasirika. Nilimwona amepona. Tangu siku ile aliacha kuwaonya watu wasijitoe, na kila aliyekuwa amemwonya alimfuata nyumbani kwake kumwambia kuwa hakuna mwiko wa namna hiyo, ulikuwa ni uongo wa mtu mmoja tu.

Mambo hayakuishia hapo. Serikali ilipokwisha kutulia Dodoma, Bwana Shauri, ndiye yule yule Bwana Mkubwa wa Kilimatinde, aliitisha baraza kwenye uwanja karibu na stesheni. Neno lilikuwa moja: bonde letu lenye lambo. Magari moshi yalihitaji maji, na lambo lile lilikuwa ndilo pekee la karibu lisilokauka upesi. Ng'ombe wetu wote walinywa pale. Lambo lilichimbwa na mababu zetu kwa majembe ya miti, na kila kiangazi tulilizibua matope sisi wenyewe, wanaume na wanawake.

Wazee wakakutana, wakamchagua baba awe msemaji. Baba akaniambia nami niende, nikae nyuma pamoja na wanawake, nisikilize pande zote mbili. Hakuniambia nifanye nini baada ya kusikiliza. Nadhani hakuthubutu. Msichana kusema barazani mbele ya wanaume lilikuwa jambo lisilojulikana, na mbele ya Mzungu lilikuwa kubwa zaidi. Isitoshe, baba wa mchumba wangu angekuwa ameketi palepale, safu ya mbele, na uchumba huvunjika kwa machache kuliko hayo.

Watu walijaa. Bwana Shauri aliketi kwenye kiti cha kukunja chini ya turubai. Kiswahili chake kilikuwa sahihi lakini kikavu, kama mtu anayepasua kuni. Akaeleza kuwa gari moshi linahitaji maji, kuwa serikali inalitaka bonde, na kwamba anataka kusikia wenyewe wanasemaje. Mkalimani akalifasiri hilo vizuri kabisa. Nikafikiri labda leo atasema kweli.

Baba akasimama. Akasema hatuna nia ya kulinyima gari moshi maji, kwa kuwa hata mgeni asiyealikwa hupewa maji. Gari lichote upande wa juu, kulikokuwa na kina. Ng'ombe wetu wanywe upande wa chini. Na kiangazi kikija tutazibua pamoja, sisi na watu wa reli, ili litoshe wote. Ilikuwa hotuba fupi na nzuri, na wazee walinguruma kuikubali.

Mkalimani akamgeukia Bwana Shauri. "Wanashukuru, Bwana," alisema. "Wanasema bonde ni mali ya serikali. Watahamisha mifugo yao yote kabla ya mvua."

Bwana Shauri akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hao ni watu wema, waambiwe serikali imefurahi. Mkalimani akatugeukia sisi, akasema kwa Kigogo kuwa Bwana amesikia, atalifikiri jambo letu, twende nyumbani tukangoje. Watu wakaanza kuinuka, wakijikung'uta vumbi. Baadaye tulikuja kujua kwamba mkalimani alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe, wale wa kupelekewa, na alikuwa ameahidiwa kuwachunga katika bonde hilo likishakuwa la serikali.

Nilimtazama baba. Alikuwa ananitazama.

Sijui miguu ilinifikishaje mbele. Nakumbuka vumbi la moto katikati ya vidole, na mwanamke mmoja aliyenivuta kaniki yangu kisha akaiachia. Nilisimama mahali pa wazi nikasema kwa Kiswahili cha Bagamoyo, kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Baba yangu hakusema hivyo."

Waliokuwa wameinuka wakabaki wameinama nusu. Mkalimani akaanza kusema kwa haraka kwamba huyu ni kichaa wa kijijini, na askari mmoja akaja akanishika mkono kuniondoa. Alikuwa ni yule mrefu, mume wa rafiki yangu. Alinishika lakini hakunivuta. Bwana Shauri akaniangalia, akauliza nani amenifundisha Kiswahili. Nikasema, mke wa askari wako huyu aliyenishika. Askari wenziwe wakashindwa kuzuia kicheko, na Bwana Shauri mwenyewe akakunja midomo. Akasema niachiwe niseme.

Nikayasema maneno ya baba yote, la gari upande wa juu, la ng'ombe upande wa chini, la kuzibua pamoja. Hata lile la mgeni asiyealikwa sikuliacha, ingawa niliona lilivyomgusa.

Mkalimani akaapa kwamba nimesikia vibaya. Basi Bwana Shauri akafanya jambo ambalo mpaka leo namsifu kwalo. Pembeni ya uwanja alikuwapo Mrangi mmoja, mfanyabiashara wa tumbaku kutoka Kondoa, aliyezijua lugha zote mbili kwa ajili ya biashara yake, naye hakuwa na ng'ombe pale wala ndugu. Bwana Shauri alimwita, akamwamuru baba amnong'oneze sikioni aliyoyasema. Kisha akamchukua Mrangi kando, mbali nasi sote. Waliporudi, Mrangi alikuwa anafuta jasho, akasema mbele ya watu: binti amesema kama baba yake alivyosema.

Hapo ndipo nilipopata nguvu isiyokuwa yangu. Nikasema, Bwana Mkubwa, na la Kilimatinde pia hakulisema. Nikamweleza: mzee huyu alikuja kujitoa badala ya mwanawe mgonjwa, naye alifasiriwa kuwa amekutukana. Baba hakuelewa maneno, lakini alisikia neno Kilimatinde. Aligeuka polepole akamwonyesha Bwana Shauri mgongo wake.

Bwana Shauri aliutazama mgongo ule. Alimkumbuka, nilimwona anamkumbuka. Watu wote walikuwa wanangoja neno lake, nami nilingoja kuliko wote. Hakusema pole. Aliinama akaokota kofia yake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo, kisha akatoa hukumu ya lambo: juu ni kwa gari moshi, chini ni kwa ng'ombe, na hakuna atakayehamishwa. Mkalimani ameondolewa kazini tangu saa ile, na atachapwa palepale.

Baba akaniuliza amesema nini. Nilipomwambia, alinitaka nimwombe Bwana asimchape yule mtu. Nikafasiri. Bwana Shauri akasema hilo halimhusu mzee, kwa kuwa mtu huyu ameidanganya serikali. Na ndivyo alivyochapwa: kwa kuidanganya serikali. Kwa ajili ya mgongo wa baba hakuchapwa hata kimoja. Watu walifurahi, wengine walipiga vigelegele. Baba alikuwa amekwisha kuondoka, anatembea taratibu kuelekea bondeni, na fimbo yake mabegani.

Lakini ile ilikuwa siku ya ushindi, wala siwezi kuisimulia kwa namna nyingine. Habari ilitutangulia nyumbani. Tulipoufikia mteremko wa bonde, wanawake walikuwa wamekwisha kutoa ngoma zao, zile ambazo kwetu hupigwa na wanawake, wamezibana kati ya mapaja, na mlio wake ulisikika mpaka stesheni. Ng'ombe walishushwa lamboni kundi baada ya kundi, wakanywa hadi matumbo yakawa kama madebe. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akicheza tangu baba apigwe, alicheza hadi kaniki ikamlegea. Rafiki yangu wa Bagamoyo alikuja kwa miguu kutoka kambini, akasimama katikati ya wanawake wetu akisema mbukwa kwa kila mtu, na safari hiyo hapana aliyemcheka.

Baba wa mchumba wangu alikuja kesho yake asubuhi. Nilijificha ndani ya tembe, nikijua amekuja kuvunja. Nikamsikia anamwambia baba kwamba ameleta fahali mmoja zaidi juu ya mahari tuliyopatana, kwa sababu ameogopa mtu mwingine asije akauchukua ulimi ule. Nilicheka peke yangu gizani, mkono mdomoni.

Tangu hapo niliitwa kila baraza. Nilikaa mbele, nikasikiliza pande zote, na mkalimani mpya alikuwa akinitupia jicho kila amalizapo kufasiri. Hakuna aliyempelekea mbuzi.

Watu wa siku hizi huniuliza, Mjerumani alikuwa mzuri au mbaya. Nyumbani kwetu swali hilo lilibishaniwa miaka mingi, jioni, baada ya ugali wa uwele na mlenda. Kaka yangu alipona kifua akapata kazi ya kuchochea moto kwenye gari moshi, na alimsifu Mjerumani waziwazi. Mwaka mvua ilipotukatalia, alisema, ni nani aliyetuletea nafaka kutoka mbali, kama si reli? Na kweli ililetwa, nami niliila. Mama alimjibu kwamba awahesabu waliozikwa kando ya reli hiyo ndipo aisifu. Nilipoulizwa mimi, nilisema Kiswahili ni kitu kizuri, na Wajerumani ndio waliokileta mpaka bomani. Mama akanikumbusha kuwa nilikipata kwa mwanamke mpweke, si kwa serikali.

Baba alisikiliza yote. Jioni moja kaka alisema, angalau tukubali kwamba Bwana Shauri alitupa lambo. Baba akainua kichwa.

"Mtu akikuachia maji yako," alisema, "hajakupa maji."

Namsifu Mjerumani yule kwa kumwita Mrangi. Simsifu kwa lambo.

Kisha vita vya Wazungu vikaja. Mjerumani akachukua ng'ombe na wapagazi akaondoka, Mwingereza akaingia akachukua waliobaki, na njaa iliyofuata ilitupunguza sana. Ilimchukua mama. Hayo ni ya kuandikwa na mtu mwenye moyo mgumu kuliko wangu. Tulionusurika tulirudi bondeni, tukazibua lambo, tukaanza na ng'ombe wachache.

Waingereza walipotulia waliitisha baraza lao la kwanza uwanja ule ule. Bwana wao alikuwa kijana, mpole, na Kiswahili alikuwa bado anajifunza. Alitaka kujua, kati yao na Wajerumani, tunaona nani bora. Alikuwa na mkalimani mpya kutoka pwani, aliyejifunza Kigogo na aliyevaa vizuri, ambaye bila shaka alidhani amefika mahali pa watu wasiojua kitu.

Hakujua kwamba katika miaka ile yote, wanawake walikuwa wakija kwangu na vibuyu vyao, nami nikiwaketisha kwenye jamvi. Nilikuwa nimewafundisha sufuria, kinu, moto, wingu, na kisha haki, shauri, uongo. Mzee mmoja alisimama akamjibu Bwana kijana kwa Kigogo kuwa ni mapema mno kumsifu mgeni ambaye hajamaliza hata chakula cha kwanza. Mkalimani akafasiri: wanasema ninyi ni bora sana.

Safari hiyo sikulazimika kuinuka. Kutoka nyuma, sauti za wanawake kadhaa zilisema kwa pamoja, kwa Kiswahili safi, kwamba mzee hakusema hivyo, na yule Mwingereza akaomba kalamu yake, akauliza kwa upole mzee alisema nini.